Kisima Huanzia Jaani

Shangani, Unguja

Mjomba,

Mama kila jioni huuliza kama ndugu yake wa Muscat ameshapiga simu. Ile kazi uliyonituma, ya kuzunguka kisiwa nitafute mahali pa kuchimba kisima kiwe sadaka ya marehemu bibi, sehemu kubwa nimeimaliza. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu jambo lenyewe limekuwa kubwa njiani. Nilitoka kutafuta maji, na kila nilipofika nikajikuta nauliza habari za taka. Wewe uliyemaliza ujana wako kwenye visima vya mafuta huko Oman, ukikoroga matope ya kuchimbia, utayaelewa haya kuliko mtu yeyote katika ukoo wetu.

Nianze na mji. Forodhani inapopambazuka ina harufu mbili, ya bahari na ya mabaki ya usiku. Wafagiaji wamekwisha kukusanya makumbi ya madafu, maganda ya miwa, vijiti vya mishikaki na sahani za karatasi zilizolowa rojo. Ukipanda kwenda Darajani unakuta marikiti, ambayo imesimama pale tangu mwaka 1904, ikimwaga vichwa vya samaki, maganda ya ndizi na mboga zilizosinyaa. Hapo ndipo nilipoliona jambo la kwanza: taka zetu ni mbichi. Sehemu kubwa ni vitu vya jikoni vilivyojaa maji. Juu ya paa wanakaa kunguru, wale wale walioletwa kutoka India katika miaka ya 1890 ili wausafishe mji kwa kula uchafu wake. Leo wao wenyewe ni kero ya kisiwa kizima, wanakula makinda ya ndege wengine, na uchafu bado upo.

Mji huu umeteswa na taka tangu zamani. Livingstone alipopita hapa mwaka 1866 alilalamikia uvundo wa ufukwe, na mwaka 1869 hadi 1870 kipindupindu kiliua watu kwa maelfu, kama alivyoandika Dk. James Christie, daktari aliyekuwa hapa wakati huo. Kilichokuja kuleta nafuu kubwa ni maji. Seyyid Barghash alivuta maji ya chemchemi za upande wa Bububu kwa mabomba mpaka mjini, watu wakaacha kutegemea visima vilivyopakana na vyoo na majaa. Alichofanya Barghash hasa ni kuyatenga maji na uchafu kwa masafa. Wakati ule masafa yalitosha. Sensa ya mwaka 2022 imehesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na karibu nusu yao wako Mkoa wa Mjini Magharibi. Siku hizi mji unaifuata chemchemi na shamba linaufuata mji, kwa hiyo masafa yanakwisha. Lazima kitu kingine kisimame kati ya jaa na maji.

Nikapanda gari ya shamba kwenda kaskazini, nikashuka Mangapwani kuliangalia lile pango la matumbawe. Unateremka ngazi, joto linabaki juu, na chini kabisa unakuta maji matamu yametulia gizani, si mbali na bahari. Nilipapasa ukuta wa pango. Jiwe lote ni vitundu. Kidole kinaingia, na ndani ya kitundu kuna kitundu kingine. Tone lilinidondokea mkononi, nikajua ni mvua iliyonyesha juu, ikapita katika jiwe bila kuchujwa na chochote.

Ndivyo kilivyo kisiwa chetu, mjomba. Upande wa magharibi kuna udongo wa kina, na ndiko kwenye mikarafuu na minazi. Mashariki na kusini ni maweni, jiwe la tumbawe likiwa na ngozi nyembamba ya udongo. Mito yetu michache hufika kwenye jiwe hilo ikazama. Chini yake maji matamu yameelea juu ya maji ya chumvi, kwa sababu matamu ni mepesi. Wataalamu wanasema panapokuwa na mita 1 ya maji matamu juu ya usawa wa bahari, chini yake kuna kama mita 40 nyingine. Ni hazina kubwa, lakini haina mfuniko. Kinachomwagwa juu ya maweni leo kinaweza kuwa kisimani baada ya mvua chache.

Na kinachomwagwa ni hatari kuliko kinavyoonekana. Mvua ya masika ikipita katika lundo la taka mbichi, hutoka chini ikiwa maji meusi mazito yenye amonia, chumvi, vijidudu, na madini kama risasi na kadmiamu kutoka kwenye betri na rangi za kupaka. Humo mna pia mafuta ya magari na dawa za viwandani. Wenyewe hapa huyaita maji ya jaa. Unguja hupata mvua ya kiasi cha milimita 1,500 kwa mwaka, kwa hiyo jaa lisilozuiwa hutoa maji hayo kila msimu, hata miaka mingi baada ya kufungwa.

Sasa tuje kwenye udongo. Nilikwenda Cheju, kwenye mabonde ya mpunga. Unakumbuka kinamo? Ule udongo mweusi unaonata miguuni wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Mzee mmoja aliyekuwa akilima alinichimbia donge, akanionyesha jinsi maji yanavyokaa juu ya jaruba siku nyingi bila kuzama. Hiyo ndiyo sifa tunayoitafuta. Chembe za udongo wa aina hii ni vipande vyembamba mno vilivyopangana, na maji yakiingia kati yao udongo huvimba na kuziba njia yake wenyewe. Ile bentonaiti uliyoizoea kazini ni jamaa wa kinamo, ila ina nguvu zaidi. Gramu 2 za bentonaiti nzuri ya sodiamu zikitiwa katika maji safi hujaa mpaka mililita 24 au zaidi.

Ndiyo maana wahandisi wa majaa wanaipenda. Kanuni za Marekani zilizotoka mwaka 1991 zinataka chini ya jaa kuwe na udongo ulioshindiliwa wenye unene wa sentimita 60, na juu yake karatasi nene ya plastiki. Udongo huo unatakiwa kuwa mgumu kupitisha maji kiasi kwamba, bila msukumo mkubwa juu yake, maji husogea kama sentimita 3 tu kwa mwaka. Pasipo na udongo mzuri hutandikwa mkeka wa kiwandani: bentonaiti ya unga, kilo 4 hadi 5 kwa kila mita ya mraba, iliyobanwa kati ya vitambaa viwili. Mkeka wenyewe una unene wa milimita chache, na unaweza kufanya kazi ya tabaka zima la udongo ulioshindiliwa.

Lakini hapa ndipo kisiwa chetu kinapodai kitu cha ziada, na ningependa ulisome jambo hili polepole. Niliporudi nyumbani nilichukua gilasi mbili. Moja nikaitia maji ya mvua, nyingine maji ya bahari niliyoyachota hapa Shangani. Nikakoroga kijiko cha kinamo katika kila moja, nikaziweka dirishani. Gilasi ya maji ya bahari ilianza kufanya mabonge mbele ya macho yangu. Chembe zilishikana, zikazama, na kabla ya adhana ya magharibi maji ya juu yalikuwa meupe. Ile ya mvua ilibaki na tope lake hadi asubuhi.

Wewe unajua sababu. Chumvi huzifanya chembe za udongo zibanane badala ya kutanuka. Udongo unaobanana huacha nafasi, na maji hupita humo. Adui wa pili ni jiwe letu lenyewe. Tumbawe ni chokaa tupu, yaani kaboneti ya kalisiamu. Bentonaiti ya sodiamu ikikaa muda mrefu kwenye maji yenye kalisiamu, sodiamu hutoka, kalisiamu huingia, na udongo hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kuvimba. Tena maji ya jaa nayo yamejaa chumvi. Kwa hiyo mkeka uliofanya kazi vizuri kwenye udongo wa Ulaya unaweza kushindwa ukiwekwa wazi juu ya maweni karibu na bahari. Ndiyo sababu nasema haitoshi Unguja kununua udongo wowote wa kuzuia maji. Inahitaji udongo uliotengenezwa kwa ajili ya chumvi na chokaa.

Na udongo wa namna hiyo upo. Nimesoma habari zake usiku nikiwa darini, na mengi utayatambua kutoka kazini kwako.

Kuna udongo unaochanganywa na polima. Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, kimefanyia utafiti bentonaiti iliyotiwa CMC, ile ile inayotokana na selulosi ambayo ninyi huitia kwenye matope ya kuchimbia ili yasipoteze maji. Polima hukaa kati ya chembe na kuzizuia zisibanane hata chumvi ikija. Japani nao walitengeneza bentonaiti iliyolowekwa katika propilini kabonati, inayoweza kuvimba ndani ya maji ya chumvi.

Halafu kuna udongo uliobadilishwa tabia kabisa. Ule wa kawaida hupenda maji na hukataa mafuta. Ukiondoa sodiamu yake na kuingiza chumvi za amoniamu zenye mkia mrefu wa mafuta, jamaa za zile zilizomo kwenye losheni za kulainishia nywele, udongo hugeuka: unakataa maji na kuvuta mafuta, petroli, benzini na fenoli. Ninyi huutumia kukazia matope ya kuchimbia yenye asili ya mafuta. Kwenye jaa kazi yake ni kunasa sumu zinazopita. Udongo huo hauzuii maji vizuri, kwa hiyo hauwezi kusimama peke yake. Huwekwa ukiwa tabaka la pili au huchanganywa na bentonaiti ya kawaida. Tena haushiki kila kitu. Risasi na kadmiamu hushikwa vyema na udongo wa kawaida, na chumvi hupita katika aina zote mbili. Ndiyo maana jaa zuri lina matabaka, kila tabaka na kazi yake, pamoja na mabomba ya kukusanya maji ya jaa kabla hayajalala juu ya udongo.

Nilipokuwa Jozani nilipata njia ya kulieleza jambo hili kwa mama. Kima punju wa pale hula majani ya mikungu na miembe yenye sumu ya fenoli, kisha huokota mkaa kwenye matanuri ya zamani na kuutafuna, na watafiti waliandika mwaka 1997 kwamba mkaa huo hunasa sumu tumboni na kuwaachia chakula. Udongo huu wa kunasa mafuta hufanya vivyo hivyo chini ya jaa. Mama alielewa mara moja, akauliza mbona basi hatujauweka kila mahali.

Swali lake ni la haki. Miaka mingi taka za mjini zilimwagwa Jumbi, kisha zikahamia Kibele, Wilaya ya Kati. Kuliboresha jaa la Kibele liwe la kisasa kuliingizwa katika mradi wa huduma za miji Zanzibar (ZUSP), ulioanza mwaka 2011 kwa fedha za Benki ya Dunia, mradi ule ule uliojenga upya ukuta wa bahari wa Mizingani. Nilipita barabara ya Tunguu nyuma ya gari la taka, likidondosha maji njia nzima. Yale matone ndiyo maji ya jaa yenyewe, yameanza hata kabla ya kufika. Bara nako miji imejengewa majaa yenye kinga, Dodoma wana Chidaya na Tanga wana Mpirani. Na tusisahau Kampala: Agosti 2024 lundo la Kiteezi liliporomoka baada ya mvua kubwa, likaua watu zaidi ya 30. Jaa ni jengo la kihandisi. Likiachwa kuwa lundo, huua kwa kuporomoka au huua polepole kwa maji.

Gharama ni kubwa, sikufichi. Lakini vitu vingi viko karibu nasi. Bentonaiti dhaifu ya kalisiamu huimarishwa kwa kuongezwa kaboneti ya sodiamu, nayo hupatikana kwenye magadi, yale yale tunayotia kwenye maharage ili yaive upesi. Yanachimbwa Ziwa Magadi, Kenya, zaidi ya miaka 100 sasa. Sinya, wilayani Longido, upande wa Amboseli, kulichimbwa udongo mweupe mwepesi uliotengenezewa viko vya kuvutia tumbaku, na udongo huo ni sepiolaiti. Wachimbaji wa visima huutumia kwenye maji ya chumvi, kwa sababu nguvu zake hazitegemei kuvimba. Sijasema utandazwe Kibele kesho. Nasema upimwe, pamoja na kinamo chetu, katika maabara zetu, kwa maji ya jaa letu na maji ya bahari yetu. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kiko Tunguu, njiani kabisa kuelekea Kibele. Mwanafunzi wa pale akipewa mitungi, mizani na msimamizi mzuri, anaweza kutuambia mambo ambayo kitabu cha Ulaya hakiwezi.

Sasa kijijini kwa bibi. Mahali ulipopataka, chini ya ule mkungu, maji yapo na hayako mbali. Lakini juu kidogo, upande wa bara, kuna shimo lililoachwa baada ya kuchimbwa mawe ya kujengea, na watu wamelifanya jaa. Nilisimama ukingoni. Niliona nepi, makopo ya rangi, betri za tochi, chupa za dawa ya wadudu, na mizizi ya mtini imeteremka kwenye ufa wa jiwe ikifuata maji. Mizizi hiyo ilinitosha kuwa ushahidi. Inapopita mizizi, na maji hupita. Kisima chako kingekuwa upande wa chini wa ufa ule ule.

Nimezungumza na sheha na wazee, na haya ndiyo tuliyokubaliana, tukisubiri ridhaa yako. Kisima kichimbwe upande wa pili wa kijiji, mbali na shimo, na kisichimbwe kina kirefu kikafika chumvi. Maji yapimwe katika maabara kabla mtu hajanywa, na yapimwe tena kila baada ya masika: vijidudu, nitrati, chumvi na risasi. Shimo lifungwe. Betri, makopo na chupa za dawa zitolewe kwa mikono yenye glavu na kupelekwa panapostahili. Kisha juu yake kishindiliwe kinamo chenye unyevu, kikichanganywa na mchanga ili kisipasuke, kifunikwe kwa udongo wa kawaida wenye mteremko, na paoteshwe majani ili jua lisiukaushe udongo wa chini. Mfuniko huo hautayasafisha yaliyokwisha kuzama, ila utazuia mvua mpya isipite mle. Na kinamama wa kijiji wameomba mahali pa kuozeshea taka za jikoni ziwe mbolea. Ombi lao naliona kuwa muhimu kuliko yote. Maganda na mabaki yasipofika jaani, maji ya jaa hupungua, na udongo, hata ule uliochanganywa na polima ghali, hupata nafasi ya kufanya kazi yake.

Fedha ulizotuma zitatosha kisima na mfuniko, na kipimo cha mwaka wa kwanza. Najua sadaka ya kisima ina utamu wake: watu wanaona maji yakitoka, wanamwombea marehemu. Kulifunga jaa hakuna atakayekuona. Lakini kwa kisiwa chetu mambo haya mawili hayatenganishwi, na mimi naamini thawabu yake ni moja. Mtu anayechimba kisima juu ya maweni bila kuuliza taka zinakwenda wapi amewapa watu maji ambayo hawezi kuwadhamini.

Nina ombi langu mwenyewe, mjomba. Wako Wazanzibari wengi huko Oman waliofanya kazi ya udongo huu miaka thelathini, wanajua kuupima, kuukoroga na kuukoa unapoharibiwa na chumvi. Wamestaafu na ujuzi wao umekaa kimya barazani. Waulize kama wako tayari kuja wiki moja Tunguu, wakae na wanafunzi, waonyeshe kwa mikono yao. Kisiwa kinapokea wageni wengi wanaokuja kutazama bahari. Kinawahitaji wachache wanaokuja kuyalinda maji yaliyo chini yake. Nijibu upesi, ili mfuniko ushindiliwe kabla ya masika.

Mpwa wako.